Jani la Mlangoni

Nyumbani kwetu Buganguzi, ndizi zikishaiva mama huzipakua juu ya majani mabichi ya mgomba yaliyotandikwa sakafuni, halafu wote tunayazunguka na kula kwa mikono. Wote, isipokuwa dada yangu. Yeye alikuwa na jani lake, kipande kidogo kilichowekwa karibu na mlango, na kikombe cha bati ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Nimekua nikiona hivyo. Sitaki kujitetea kwamba nilikuwa mdogo, kwa sababu niliendelea kuona ni sawa hata nilipokuwa mtu mzima, mwalimu mwenye cheti, ninayefundisha watoto wa watu somo la afya.

Dada ana kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka kumi na miwili, siku tuliyokuwa tunachuma kahawa kwenye kibanja chetu, kule chini migomba inakoishia. Alidondoka kama mzigo, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika na povu likamtoka mdomoni. Baba alipiga kelele tukae mbali. Kila mtu kijijini alijua kwamba ukiligusa lile povu, na wewe utaanguka. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo. Tulilikuta limo ndani ya nyumba, kama tulivyokuta mafiga.

Mwaka uliofuata mama alikwenda mtoni mchana akatuachia chungu jikoni. Dada alikuwa anachochea kuni, mimi namenya ndizi pembeni yake. Akaanguka. Mkono wake wa kulia uliingia kwenye makaa. Nilikuwa na miaka tisa, nina nguvu zangu za kubeba ndoo ya maji, na gauni lake lilikuwa hapo hapo, ningelishika tu na kulivuta. Lakini niliona povu. Nikakimbia kumwita baba, naye alikuwa mbali, mwisho wa kibanja. Tuliporudi, baba alimvuta kwa kumshika miguu, kwa kuwa miguu ndiyo iliyokuwa mbali na mdomo.

Mkono ulipona kwa namna yake. Vidole vitatu viligandana vikawa kitu kimoja, na shule ikaishia hapo. Hospitali alipelekwa, lakini kwa ajili ya kidonda tu. Daktari alipouliza imekuwaje, baba alijibu kwamba mtoto ameteleza. Hata mama alitikisa kichwa kukubali. Walikuwa na binti wengine wawili wa kuozesha, na kwetu watu hawaji kuposa kabla ya kuulizia ukoo wenu una ugonjwa gani. Kwa hiyo dawa ya kidonda tulipewa, na dawa ya kifafa hatukuiomba. Ikabaki kwa waganga: chale kifuani, unga wa kunusa, hirizi kiunoni, na Jumapili maombi juu ya hayo yote.

Wakwe zangu walipokuja kunichumbia, dada alipelekwa Maruku kwa shangazi akakaa wiki nzima. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfungia nguo zake. Sisi Wahaya nchi nzima inatutania kwa kujidai wasomi, na ningependa hao wanaotutania wangeniona siku ile, nimevaa vizuri, Kiswahili changu kimenyooka, ninamficha ndugu yangu kama chupa ya pombe.

Niliolewa Bukoba mjini. Siku moja nilimpeleka mwanangu hospitali kwa sababu ya sikio. Tukiwa kwenye foleni, mama mmoja aliyekaa mbele yetu akaanguka. Benchi lilibaki tupu mara moja, na wa kwanza kuondoka nilikuwa mimi. Nesi akatoka chumbani bila kukimbia. Alisogeza benchi, akapiga magoti, akamgeuza yule mama alale ubavu, akakunja kanga na kuiweka chini ya kichwa chake. Hakumtia kitu mdomoni. Aliangalia saa yake. Mtikisiko ulipokwisha akamfuta povu kwa kitambaa, taratibu, huku anamwambia pole.

Nilimfuata alipokuwa ananawa mikono. "Sista, huogopi kuambukizwa?"

"Kuambukizwa nini, mama? Hayo ni mate tu. Huu ni ugonjwa wa ubongo, na dawa yake ipo." Akanitazama. "Una mgonjwa nyumbani?"

"Ninaye," nikasema. "Dada yangu." Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu baki maneno hayo.

Nilimleta dada siku ya kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Daktari aliuliza maradhi yameanza lini, nikamjibu yana miaka ishirini na mitatu. Kalamu yake ilisimama kidogo, kisha akaendelea kuandika. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, na akatuonya mara mbili kwamba asiache hata akijiona amepona. Dada alikuwa anaanguka karibu kila wiki. Tangu aanze dawa zimepita wiki, ukapita mwezi, akaanguka mara moja, ikapita miezi mitatu. Hajapona. Lakini anakwenda kisimani peke yake, jambo ambalo hakuwahi kuruhusiwa.

Likizo iliyofuata nikaenda Buganguzi kufundisha. Ndivyo nilivyokwenda, kimwalimu hasa. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimweleza mama kila kitu, pamoja na habari ya yule nesi, dada akisikia, huku mama anapukuchua maharage: mate hayaambukizi, povu haliambukizi, hakuna haja ya jani la peke yake. Hakubishana. Mchana alitandika jani moja kubwa, akapakua, akamwambia dada, "Njoo huku waitu, mwanangu, tule wote."

Dada hakusogea. Alikuwa ananitazama mimi.

"Yule nesi alimfanyaje yule mama aliyeanguka?" akauliza.

Nikaanza kumweleza.

"Usinieleze. Nionyeshe."

Akalala chali sakafuni, karibu na mafiga. Nikapiga magoti. Nilimshika bega na nyonga, nikamgeuza ubavu, nikavua kanga yangu na kuiweka chini ya kichwa chake. Bega lake lilikuwa jepesi na la moto. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimemgusa. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya utake mtu akupige.

Alibaki amelala hivyo, anaangalia majivu.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Basi hata mtoto wa miaka tisa angeweza," akasema.

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira. Mama aliinama akawa anapangapanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Dada aliinuka, akanirudishia kanga yangu. Akatoka nje, akarudi na kipande cha jani la mgomba alichokikata mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akachukua chakula chake na kwenda kukaa mlangoni.

Mimi na mama tulibaki na lile jani kubwa, na chakula kikapoa.