Gari Lililopewa Dawa ya Minyoo

Mke wangu ni mwenyeji wa Heru Juu, jirani na mji wa Kasulu. Mimi ni mtu wa Singida. Serikali ilinileta huku kuwa afisa mifugo, nikaoa, nikabaki. Baba mkwe ni mfanyabiashara wa maharage. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akakulia hapa, na biashara aliianza kwa baiskeli, akipeleka maharage Mtabila enzi kambi ya wakimbizi ipo. Alipokuja kupata pikapu ya dizeli, tena yenye tabo, aliifuta vumbi kila jioni kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Kwao, mkwe habishani na baba mkwe. Tulikuwa tukisalimiana, tunaulizana habari za mvua na za mihogo, basi. Jambo lolote lenye ubishi lilipita kwa mke wangu, naye alilifikisha akiwa amelipunguza au ameliongeza, kutegemea siku hiyo amekasirikia nani.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa oili.

Pikapu ilikuwa inakunywa oili kuliko kawaida. Baba mkwe hakwenda Kibondo bila dumu la akiba nyuma ya kiti, na njiani alisimama kuongeza. Ikipanda mlima ilitoa moshi wa bluu, mzito, kiasi kwamba watu wa vijiji vya njiani walijua ni nani anakuja kabla gari halijatokeza. Fundi aliitazama, akasema ringi za pistoni zimeganda kwa masizi. Zikishaganda haziwezi tena kukwangua oili kwenye kuta za silinda, kwa hiyo inapanda juu na kuungua pamoja na dizeli. Akataka kuishusha injini. Baba mkwe akamkatalia, akasema kitu kikishafunguliwa na fundi hakirudi kama kilivyofungwa kiwandani.

Dawa yake yeye ilikuwa oili nzito zaidi. Dukani alichovya kidole, akasugua, akanusa, na kama iliteleza upesi aliirudisha. Alisema injini iliyochakaa ni sawa na mzee aliyetoka kuugua: huwezi kumpa maji ya moto ukasema amekula uji.

Mimi nilianza kufuatilia jambo hili siku alipotutembelea na nguo zetu zilizokuwa kambani zikaingia ndani zikinuka gereji. Nilisoma kwenye simu. Nilisoma maandishi ya nyuma ya madumu dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama nimetumwa kukagua bidhaa zilizopitwa na wakati. Nilichoelewa ni hiki: tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, kwa hiyo ina joto kali. Oili isiyo na ubora ikipita pale inaungua na kuacha masizi, na masizi hayo ndiyo yanayokwenda kuzigandisha ringi. Inatakiwa oili iliyotengenezwa kwa dizeli yenye tabo, yenye dawa ya kusafisha ndani yake, na uzito wake uwe ule uliotajwa kwenye kitabu cha gari, usizidi. Tena, baada ya safari ndefu, injini isizimwe papo hapo. Iachwe iungurume kidogo ikiwa imesimama, tabo ipoe.

Nikamtuma mke wangu. Alirudi akiwa amebana midomo.

"Baba anasema amekusikia. Anasema gari halina kwato."

Wiki zikapita, moshi ukaendelea, mpaka ilipofika harusi ya binamu ya mke wangu kule Kibondo. Tulikwenda na pikapu ya baba mkwe. Yeye na mama mkwe mbele, sisi nyuma na magunia ya mchele, kila mtu amejifunika kanga usoni. Njiani mke wangu, kwa huruma ya mapafu yake mwenyewe, alimwomba baba yake kupitia dirishani akubali hata moja tu katika yale niliyoshauri. Mzee akafikiri. Oili hakutaka kuisikia, lakini lile la kuacha injini iungurume lilikuwa halina gharama. Akakubali, naona kwa sababu ya kunistahi tu.

Tukafika. Ibada ilikuwa imekwisha, wageni wamekaa chini ya maturubai, na mchungaji amesimama kuombea chakula. Baba mkwe akaegesha kando ya uzio, akashuka, akaiacha injini inaunguruma kama nilivyoagiza. Kisha akaenda kusalimia ndugu, na salamu za huku ni ndefu. Bahati mbaya alikuwa ameegesha upande upepo unakotokea.

Moshi ukaingia taratibu chini ya maturubai, kisha ukaingia wote. Mchungaji aliendelea mpaka sauti ikamkatika. Mtu mmoja akasema jiko linaungua, na wanaume wakakimbilia kibanda cha kupikia na ndoo. Wapishi walikuwa wanageuza pilau bila habari yoyote, wakashtukia wanamwagiwa maji wao, moto na sufuria moja. Bibi harusi aliongozwa nje akikohoa, shela amejiziba nayo pua. Mimi ndiye niliyekimbia kuzima gari. Nilipogeuka, baba mkwe alikuwa amesimama katikati ya wageni akinitazama.

Pilau tulikula, ila ilikuwa imekaribia kuwa mchuzi. Jioni, wakati wa kuondoka, mzee alinijia mwenyewe, bila mjumbe.

"Mkwe," alisema, "tukifika nyumbani tununue hiyo oili yako. Ikishindikana hiyo, gari naliuza."

Kesho yake tulikwenda pamoja dukani Kasulu. Aliitazama ikimiminika, nyepesi kuliko alivyozoea, akaguna, akalipa. Fundi akamwaga ile ya zamani, ambayo ilitoka kama lami, akabadilisha chujio, akaweka mpya.

Haukupita muda mrefu, asubihi moja nikasikia hodi. Baba mkwe alikuwa mlangoni, kidole kimoja amekiinua mbali na shati. Kilikuwa cheusi.

"Oili yako imeshachafuka," alisema. "Ile yangu ilikaa wiki nyingi ndiyo ikawa hivi. Umenipa maji ya kuoshea vyombo."

Nilianza kumweleza habari za masizi na dawa ya kusafisha, nikaona macho yake yanahamia kwingine. Basi nikarudi kwenye kazi ninayoijua. Nikamuuliza, ng'ombe akipewa dawa ya minyoo, mfugaji anaangalia nini. Akasema anaangalia kinachotoka nyuma. Nikamuuliza, kisipotoka kitu je. Akasema basi dawa ni bandia.

Akakitazama kidole chake tena, safari hii kwa heshima.

"Kumbe ilikuwa na minyoo," alisema.

Tangu hapo alimwaga oili mapema kuliko nilivyomshauri, akiichungulia kila inapotoka. Moshi ulipungua kidogo kidogo. Haukuisha kabisa, maana ringi zilikuwa zimeshakula umri, lakini dumu la akiba sasa linakwenda Kibondo na kurudi bila kufunguliwa. Uchafu uliokuwa umeziba sili moja ya chini, mpira wa kuzuia oili isitoke, nao uliondoka, sili ikaanza kuvuja, ikabidi ibadilishwe. Mzee hakulalamika. Alisema mgonjwa akiharishwa lazima na mlango uchoke.

Kilichonisumbua ni kwamba aliwaeleza watu. Sokoni, kanisani, hadi Kibondo kwa wale wale waliomwagiwa maji, alisimulia kwamba mkwe wake aliipa pikapu dawa ya minyoo ikapona. Mwezi uliofuata dereva wa bodaboda alikuja ofisini kwetu, akaegesha pikipiki kwenye kivuli cha josho na kupanga foleni nyuma ya mama mwenye mbuzi. Hata kabla ya zamu yake alisema kwa sauti kwamba pikipiki yake inakohoa, na ameelekezwa kwa daktari.

Bosi wangu alitoka kuangalia. Aliniuliza ni lini tumeanza kutibu pikipiki. Kabla sijajibu, yule mama mwenye mbuzi alisema yeye amewahi foleni, na pikipiki isubiri.