Sanduku la Umeme la Dada Zuhura

Sisi tuliokulia Mtopanga wakati simu ya mkononi ilikuwa ya kupigia tu, twaijua vizuri harufu ya lehemu inayoyeyuka. Kwetu ilichanganyika na ya mahamri, maana baba alikuwa fundi wa redio na meza yake ilikuwa barazani, karibu na jiko la mama. Betri zilizochoka tulizianika juani pamoja na nazi, zikapata uhai wa taarifa moja ya habari. Tukicheza kibe, kila pembe ilikuwa halali kujificha, ila chini ya meza ya baba.

Kisha macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Akawa analehemu waya pasipo pake, redio za watu zikirudi mbovu kuliko zilivyokuja. Siku moja akafunga zana zake kwenye gunia, akakaa. Mama alimpelekea chai, akarudi nayo imepoa. Nyumba ikapoa vivyo hivyo.

Dada yangu Zuhura, kifungua mimba wetu, alikuwa amemaliza sekondari. Alienda Bamburi, kwa jamaa aliyekuwa akifunga duka lake la kompyuta, akarudi amekumbatia kompyuta iliyokufa. Humo alitoa kile kisanduku cha bati chenye feni, kinachoigawia kompyuta umeme.

"Zuhura!"

"Abee, baba."

"Wafanya nini hapo?"

"Nataka tupate umeme wa mezani wa kuwashia redio, tuache kubembeleza betri. Mimi nitashika, wewe utaniambia."

"Usikifungue kisanduku. Hata ukichomoa, umeme hubaki ndani, nao huua."

"Sikifungui. Natumia nyaya za nje tu."

Akakichomeka. Kimya. Akajaribu tena kesho yake, kimya vilevile. Mama akamwambia aache, asije akatuunguzia nyumba. Nilimwona dada akijifuta machozi kwa ncha ya leso, akidhani hatumwoni.

Ni baba aliyesogeza kiti. "Kompyuta ina kidude cha kuwashia, sivyo? Basi kuna waya unaongoja kuambiwa. Nisomee rangi."

"Nyeusi nyingi. Nyekundu, manjano, machungwa. Kijani mmoja tu."

"Huo wa peke yake. Chomoa kwanza, uunge na mweusi, kisha uchomeke."

Sisi wenye macho tulikuwa bado tumekodoa pale baba aliposema, "Kimeamka." Alikuwa ameisikia feni.

Dada akachukua mita, akawa anamsomea: manjano volti kumi na mbili, nyekundu tano. Baba akacheka, kicheko ambacho tulikuwa tumekisahau. Wakazipanga nyaya kwenye kibao, kila rangi na kishikio chake, wakaunga na taa ndogo ya gari ili umeme utulie. Redio ya kwanza ilikuwa ya Mama Kadzo, jirani yetu, aliyekuwa amekosa matangazo ya vifo mpaka akapitwa na matanga ya binamu yake. Ilipokohoa na kuanza kuimba wimbo wa bango, Mama Kadzo alicheza palepale na mtoto mgongoni. Baba akaita, "Mama Zuhura, niletee chai. Ya moto!"

Tangu hapo baraza ilijaa tena. Dada akawa mkono, baba sikio. Macho yake hatimaye yalizimika kabisa, lakini mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, watu waliendelea kumletea redio azisikilize zinaumwa wapi. Dada alienda chuo cha ufundi. Leo anafundisha huko, na wanafunzi wake wanamwogopa.

Watoto wetu, spika ikikwaruza mara moja tu, washaingia kwenye simu kuagiza nyingine. Nikiwaambia tulianika betri, wananitazama kama niliyezaliwa na Nuhu. Wala siwalaumu sana. Vitu vya siku hizi vimegandishwa kwa gundi, havina hata skurubu ya kufungulia. Ila jioni, hapa kwangu Utange, kila mmoja akiwa ameziba masikio kwa vidude vyake, hujikuta natamani redio ya jirani iharibike. Aje nayo kwapani, apige hodi, avue viatu, akae nasi mpaka ipone.