Mashuka ya Eufelia Vialpando

Huku Rincón hakuna siri ya chumbani. Kila Septemba mashuka ya bonde zima hulala nje, juu ya pilipili, na asubuhi ukipita barabarani unajua nani bado ana shuka la harusi, nani amelitia lake kiraka cha gunia, na nani amenunua lenye maua makubwa akidhani hatutaona. Tumezoea. Msimu wetu ndio uliotufundisha kutoona haya. Theluji huondoka Mei, hurudi Juni kuchukua ilichosahau, kisha kuanzia katikati ya Septemba, usiku wowote itakaojisikia, hushuka jalidi: ule umande unaoganda na kuliacha shamba la kijani jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto. Kati ya theluji na jalidi, pilipili inatakiwa iote, ichanue, izae na iive. Ya kijani utaila, tena utajilamba vidole, lakini mbegu yake haioti. Mbegu inataka nyekundu.

Redio nayo hutabiri hali ya hewa ya mjini, chini kule kwenye joto, na haijawahi kusema neno la maana kuhusu sisi. Kwa hiyo sisi tulikuwa na Eufelia.

Eufelia Vialpando alipata sifa zake kwa sababu ya kamba. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mumewe Eliseo angali hai, na jioni moja kamba ya kuanikia ikakatika na mashuka yote mabichi yakaanguka vumbini. Akayasuuza upya huku akimlaani aliyeuza kamba, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuyaanika, akayatupa juu ya pilipili akaenda kulala. Usiku ule jalidi ikashuka wiki mbili kabla ya wakati wake. Asubuhi bonde zima lilikuwa jeusi, na katikati yake shamba la Eufelia limesimama kijani chini ya mashuka yaliyokakamaa. Watu wakaja kutazama. Padri akaja pia. Wakamuuliza alijuaje, naye akafungua kinywa ili aseme habari ya kamba, lakini padri alikuwa ameshatangulia kusema kwamba Mungu hunena na wanyenyekevu. Eufelia aliona si adabu kumkosoa padri. Akafunga kinywa, na hakukifungua tena kwa miaka ishirini na sita.

Tangu siku hiyo, shuka la Eufelia likitoka, mashuka ya Rincón yote yanatoka. Lisipotoka, watu wanalala raha mustarehe.

Mtu mmoja tu alijitia kutomwamini, naye ni Onofre Maestas, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, msimamizi wa mfereji wa maji, mjane tangu zamani. Waliitana komadre na kompadre, kwa kuwa Eufelia ndiye aliyemsimamia Belinda, binti wa Onofre, ubatizo. Onofre alisema mbele ya kila mtu kwamba mwanamke yule hajui jalidi zaidi ya kuku wake. Watu walimwacha aseme, kwa sababu mashuka yake yeye ndiyo yaliyofuata ya Eufelia kwa haraka kuliko ya mtu mwingine.

Sasa sikiliza jambo ambalo Eufelia hakumwambia hata muungamishi wake. Alikuwa hajui. Alichokijua ni kwamba Onofre ana vyungu sita vya maua mekundu barazani, maua ya marehemu mkewe, ambayo angeyafia kama ingebidi. Kila jioni ya Septemba Eufelia alitoka na kapu lake la nguo, akasimama ukutani akijifanya anaangalia mlima, kumbe anaangalia baraza la Onofre. Vyungu vikiingizwa ndani, anatandaza mashuka. Vikibaki nje, anarudi na kapu lake. Kwa njia hiyo alikosea mara mbili tu katika miaka yote, na mara zote mbili mwezi ndio uliolaumiwa.

Mwaka ninaousimulia, alikuwa ametimiza sabini na moja, na paa lilivuja. Maji yaliingia kabatini, yakaingia kwenye kopo la kahawa alimohifadhi mbegu, na alipolifungua mwezi wa Machi alikuta uji wa ukungu. Zilikuwa mbegu za mama yake, Rosenda, aliyezileta Rincón zikiwa zimeshonewa kwenye pindo la gauni lake la uarusi. Kila nyumba huku ina mbegu yake, na kuomba ya jirani ni kama kuomba mtoto wa watu umpe jina lako. Eufelia alichambua ule uji kwa kijiti cha kuchokolea meno siku mbili nzima, akaziokoa chache, na katika hizo ikaota miche arobaini na mmoja. Basi. Hapakuwa na nyingine duniani. Miwili aliihamishia kwenye ndoo jikoni ili awe na akiba, nayo ikanyauka kabla wiki haijaisha. Hakumwambia mtu. Alihesabu siku tu, na kila asubuhi aliinua majani kutazama kama kuna tunda lililoanza wekundu.

Agosti ikapita, matunda ni manene na ya kijani. Na wiki ya kwanza ya Septemba, Onofre, akiwa na miaka yake sabini na nne na akili za kijana, akapanda mtufaha wake, akaanguka, akavunjika nyonga. Belinda akampeleka kwake mjini. Vyungu vya maua vilikabidhiwa kwa Priscila wa posta, ambaye aliviingiza ndani siku hiyohiyo vyote sita, akavifungia, na kuondoka na ufunguo.

Jioni ile Eufelia alisimama ukutani na kapu lake mbele ya baraza tupu. Hofu iliyompata haikuwa ya mchezo. Nyuma yake ilikuwepo miche ya mama yake, na mbele yake, kwenye kila dirisha, bonde lilikuwa likimwangalia.

Alivumilia siku tatu, kisha akapiga simu mjini.

"Nani kafa?" Onofre aliuliza.

"Hajafa mtu. Nakuulizia nyonga."

"Umepiga simu ya mbali, komadre, kuulizia nyonga?"

"Nataka kukuuliza kitu. Na ukimwambia mtu, nitakuombea hiyo nyingine nayo ivunjike."

"Haya, uliza."

"Unajuaje jioni ya kuingiza maua yako?"

Onofre alisogeza simu karibu na mdomo ili Belinda asisikie.

"Koti," alisema.

"Koti gani?"

"La marehemu Eliseo. Wewe jioni ukitoka nalo, mimi naingiza vyungu. Ukitoka bila koti, naviacha. Ningejuaje jalidi, komadre? Mimi ni mtu wa mifereji. Mjuzi ni wewe."

"Mimi nilikuwa naangalia vyungu vyako," Eufelia akasema.

Onofre alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akapiga kelele, na Belinda akamnyang'anya simu.

Ungedhani habari hiyo ingemfurahisha. Maana yake ni kwamba padri hakukosea sana: miaka yote mwili wake ulikuwa ukijua, ukivaa koti siku za kuvaa koti, naye akaenda kusoma habari zake mwenyewe kwenye baraza la jirani. Lakini mtu akishajua kwamba anajua, kwisha kazi. Tangu simu ile koti likaacha kuwa koti. Jioni Eufelia alisimama mbele ya msumari lilipotundikwa akijiuliza, nasikia baridi, au natamani kusikia baridi? Mkono aliousogeza ulikuwa wake, au wa woga? Alilivaa, akalivua, akalivaa. Mwishowe aliamua lililo salama: kufunika kila jioni, jalidi ije isije.

Akatandaza, na bonde likatandaza. Kesho yake tena. Jioni kumi na moja mfululizo, na usiku wote huo ulikuwa wa joto la ajabu, panzi wakiimba kama Julai. Watu wa Rincón walilala kwenye magodoro matupu, wakajifunika makoti, mapazia, kitambaa cha meza. Wakwe waliokuja kutembea walilazwa juu ya mkeka na magazeti. Mwanzoni walisema Eufelia anaona mbali. Siku ya nane wakasema anaona mbali mno. Siku ya kumi na moja mtu mmoja akalala na mashuka yake kitandani, akaamka salama, na habari zikamfikia kila mtu kabla ya kahawa.

Siku ya kumi na mbili jua lilichwa taratibu, hewa tulivu, hakuna wingu hata moja. Eufelia alikuwa jikoni akitazama maharage na kuwaza watu wasemavyo, na bila kujua anafanya nini akatoka na kapu. Priscila wa posta alikuwa akipita barabarani na wanawake wawili.

"Komadre Eufelia," Priscila akaita, "leo pia? Mume wangu ametoka vipele vya godoro mpaka shingoni."

"Mpake mafuta."

"Mafuta si dawa, dawa ni shuka. Na hilo koti na joto lote hili? Usije ukajifunika na wewe tukakuvuna kesho."

Wale wawili wakacheka. Si kicheko kibaya, ndivyo tunavyochekana huku, lakini kilimwingia. Nabii akiwa na wafuasi ni nabii. Akibaki peke yake ni kikongwe mwenye mashuka. Eufelia alijitazama akakuta kweli amevaa koti. Hakukumbuka kulivaa. Akalivua kwa nguvu, akalibwaga chini kwenye miche iliyo karibu, akachukua kapu lake akaingia ndani na blauzi tupu. Hakutandaza hata leso. Alijiambia kwamba usiku ni wa joto, kila mtu anaona. Alijiambia pia kwamba kama Rincón haimtaki, na yeye haitaki Rincón, jambo ambalo miche haikuhusika nalo hata kidogo.

Asubuhi hakuwa na haja ya kufungua dirisha. Harufu ilimfikia kitandani, ile harufu ya majani yaliyochemka. Alitoka pekupeku. Bonde lote, kuanzia mferejini hadi kanisani, lilikuwa jeusi, na miche yake ilikuwa imelala na matunda yake ya kijani yakivuja maji. Alikaa chini kwenye mtaro akamlilia mama yake kwa sauti, kama mtoto. Alipochoka kulia aliona koti, limekakamaa kama mlango, na akaliinua ili walau arudi nalo ndani.

Chini yake miche mitatu ilikuwa imesimama. Tunda moja lilikuwa na doa jekundu, dogo kama ukucha.

Wahenga walisema hasira ni hasara. Hawakuwahi kulima pilipili Rincón. Kwa wiki tatu zilizofuata Eufelia aliifunika ile miche mitatu kwa koti, jioni baada ya jioni, akiiambia maneno ambayo Eliseo hakuwahi kuambiwa, na matunda yakaiva mekundu hadi la mwisho.

Watu nao walikuwa wameshaelewa. Walielewa kwamba mama wa watu alivua koti hadharani, akalilaza juu ya pilipili mbele ya mashahidi watatu, na bado wenye macho hawakuona. Priscila alikuja na mkate na machozi.

"Ulituonyesha, komadre. Tulikuwa vipofu."

"Sikuwaonyesha kitu. Nilikuwa na hasira tu, nikalitupa."

"Unyenyekevu huo," Priscila akasema, akajifuta macho. "Tunaujua."

Eufelia alijaribu tena kusema kweli Jumapili nje ya kanisa, kwa sauti kubwa, kuanzia kamba hadi vyungu. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamsifu zaidi.

Wakaja kuomba mbegu. Kila nyumba ilikuwa na yake kwenye kopo, lakini walitaka ya koti. Mwaka wa kwanza aliwanyima, akapanda zote mwenyewe. Mwaka wa pili alimpa Onofre, aliyekuwa amerudi na fimbo, halafu Priscila, halafu hakuwa na sababu ya kumnyima yeyote.

Sasa ni miaka saba, na pilipili ya Rincón yote ni ya Rosenda, mama yake Eufelia. Ukimuuliza mtu, hata hivyo, atakuapia kwamba ni ya bibi yake. Hawadanganyi. Wamesahau kwa nia njema kabisa, na mbegu haina mdomo. Jambo hilo linamuuma Eufelia, na haoni aibu kusema kwamba linamuuma.

Septemba iliyopita mgeni mmoja wa mjini alisimama barazani kwa Onofre akinunua shada la pilipili, na Eufelia, ukutani na kapu lake, akamsikia kompadre wake akieleza kwamba mbegu hii ni ya akina Maestas, tangu enzi za mfalme wa Hispania. Damu ikampanda. Aliingia ndani kutafuta maneno makali ya kutosha, akayapata, akatoka nayo yote mdomoni.

Onofre alimtupia jicho, na bila kukatisha habari za mfalme aliinama juu ya fimbo yake, akanyanyua chungu cha kwanza. Hapo ndipo Eufelia alipohisi uzito wa koti mabegani. Aliyameza maneno yake, akaenda kuchukua mashuka.