Pumba kwa Nguruwe, Sembe kwa Wazee

Ko. Ko-ko. Ko.

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Ruanda, wilayani Mbozi, bado umeifunika njia, na kinachomfikia mteja kwanza ni mlio wa mti juu ya bati. Mashine haionekani. Wanawake wenye madebe kichwani wanasikiliza. Mapigo yakifuatana vizuri, Mzee Jairo ameamka salama. Yakikatika, mkono umevimba tena.

Leo yanakatika.

Ndani, Jairo Kibona, mwenye miaka 63, anagonga bati linalopokea mahindi ili yateremke. Anagonga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameukunja kifuani, vifundo vyake vimetuna kama tangawizi.

“Zamani nilifungua nati kwa vidole, spana ya nini?” anasema, akipaza sauti kuushinda mngurumo. “Sasa hata kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu.”

Amekuwa fundi wa mashine hii kwa miaka 29. Analipwa Sh6,000 kwa siku, na siku ambayo mkono umekataa halipwi kitu. Mwezi uliopita ulikataa siku nne. Mwaka jana, mwezi kama huo, ulikataa siku kumi na moja.

Tofauti hiyo ya siku saba ndiyo iliyomletea matatizo.

Mwaka jana alikwenda zahanati kwa tabibu Restuta, ambaye alimpa vidonge na kumtaka arudi kila mwezi. Kisha alimuuliza swali ambalo hakulitarajia: unakula nini?

“Nikamwambia, nakula vizuri, mimi si maskini,” anakumbuka Jairo. “Sembe nyeupe, nyama ya kukaanga, chai ya sukari vijiko vinne, soda nikitoka kazini. Akacheka. Akasema, mzee, hicho ndicho kinachokuchochea.”

Restuta anasema wazee wengi wanaofika kwake wana uvimbe wa ndani usiokwisha, na viungo ni sehemu moja tu unapojitokeza.

“Ni kama maganda ya kahawa yakishika moto,” anaeleza. “Mwali huuoni, lakini chini yanaendelea kuungua. Vidonge mgonjwa asiache. Lakini wakipunguza sukari, soda na mafuta, wakala dona, maharage, majani ya maboga, dagaa na parachichi, wengi wao wanapata nafuu. Sisemi watapona. Nasema moto haupati kuni.”

Ukiiangalia orodha hiyo, utapata hasira. Maharage yanalimwa hapa. Majani ya maboga yanaota hata pasipo kupandwa. Parachichi zinaoza chini ya miti mpaka mbuzi wanazikinai. Na mahindi ya Mbozi, yanayolisha watu wa mbali, yanamfikia mzee wa Mbozi yakiwa yamevuliwa ganda na kiini, umebaki unga mweupe tu.

Ganda na kiini ndivyo pumba. Vinawekwa kwenye magunia.

“Vinakwenda kwa nguruwe,” anasema Jairo. “Nguruwe wa hapa ukiwaona, manyoya yanang’aa. Hakuna anayechechemea.”

Kwa nini basi wazee hawali dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa? Kwa sababu ya heshima. Huku, mtoto aliyefanikiwa hupimwa kwa weupe wa ugali wa mama yake. Dona ni ya shuleni, ya jela, ya aliyeishiwa. Mzee hapewi kitu cha kukwaruza koo.

Hata nyumbani kwake Jairo alipingwa. Mkewe, Loisi, alilimwaga debe la kwanza la dona kwenye banda la kuku.

“Mchungaji akitutembelea nimtengee ugali wa rangi ya vumbi?” anasema Loisi, bila kujitetea. “Atoke hapa akaseme tumefilisika? Nilikataa. Mpaka asubuhi moja nikamwona mwanaume huyu ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. Nikanyamaza, nikasonga dona. Ila mchungaji akija, sembe ipo.”

Jairo akaanza kuwaambia wateja wa umri wake. Wachache walimsikiliza. Wengi walimcheka.

Saa tatu kasoro anaingia Enesi, mwenye miaka 74, akijikongoja kwa fimbo. Debe lake limetangulia kwenye bodaboda. Watu humwita Mama Wiliam, kwa jina la mwanawe mwenye duka Tunduma.

“Koboa, baba,” anasema, akijishusha kwenye benchi kwa kuguna.

“Magoti yanasemaje, Mama Wiliam?”

“Yanapiga kelele kuliko mashine yako. Na usinianzie habari za dona. Wiliam akisikia nakula chakula cha wafungwa atanisusa.”

“Wafungwa wakimaliza kifungo wanatoka wanatembea, mama. Wewe umefungwa kifungo gani hicho, hata kuinuka huwezi?”

Benchi zima linacheka. Enesi anacheka pia, halafu anafuta macho, na si kwa kicheko tu.

Kicheko kinakatwa na pikipiki. Ni Osward, mmiliki wa mashine, ambaye hakutaka jina lake la pili liandikwe. Hamsalimii mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye magunia ya pumba, ambayo hapa hubaki kuwa mali ya mashine.

“Kumi na manne,” anasema. “Mwezi kama huu huwa ishirini na mawili. Mzee Jairo, nimekuajiri uwe fundi au daktari?”

“Fundi.”

“Basi kwa nini wateja wangu hawakoboi? Anayekoboa ananilipa mara mbili na kuniachia pumba. Wa dona ananilipa mara moja anaondoka na kila kitu. Nguruwe wangu niwalishe mahubiri?”

Hana aibu, na hesabu yake haina kosa. Hilo ndilo linalouma: hakuna anayewachukia wazee hawa. Mwenye mashine anafuata faida, watoto wanafuata heshima, na magoti yanaendelea kuungua.

“Jumamosi nataka jibu: unaacha au unaondoka,” anaendelea Osward. “Vijana wenye mikono mizima wapo. Au niahidi sasa hivi, mbele ya hawa, kwamba umefunga mdomo.”

Jairo ana mpango wa kununua mashine ndogo iliyotumika, ya kusaga tu, isiyo na kinu cha kukoboa. Hajafika hata robo ya bei. Akifukuzwa Jumamosi, mpango umekufa.

Enesi anainua fimbo kidogo.

“Jairo, baba. Mwenyewe kwako unakula ipi?”

 Jairo analivuta debe la Enesi kwa mikono miwili, hata ule wa kulia uliovimba, analipitisha mbele ya mashine ya kukoboa bila kusimama, na kuyamimina mahindi kwenye ya kusaga. Kisha anamgeukia mwajiri wake, uso mzima unga.

“Nakuahidi, Osward. Mteja asiponiuliza, nanyamaza. Akiniuliza, namjibu, hata ukiwa umesimama hapo hapo.”