Linki niliyotuma kwa mbwembwe nusura iuze shamba la ukoo wetu Uluguru

Wakuu, nawasalimu kutoka Moro, mji kasoro bahari.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sitaruka hata pale ninapoonekana mjinga. Atakayedhani natia chumvi aje Mwembesongo aniulizie, mafundi simu wa pale tunajuana wote.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kujisifia kidogo. Nivumilieni.

Nina grupu la linki. Kila asubuhi kabla sijafungua meza yangu ya ufundi natupia linki tatu: moja ya burudani, moja ya teknolojia, moja ya siasa. Chini ya kila linki naweka maoni yangu, na maoni yangu huwa na pilipili.

Situmi kitu ambacho sijakisoma mpaka mwisho. Hilo ndilo lilikuwa linanipa kiburi. Nikiona mtu anasambaza habari kwa kusoma kichwa tu, namshushua hapo hapo bila kujali umri.

Humo ndani kuna watu wa Mafiga, wa Kingolwira, walimu, mama lishe, na ndugu zangu wa milimani upande wa mama. Kule juu mwenye simu ya kupangusa ni mama mdogo wangu, yaani mdogo wake marehemu mama. Wenzake anaolima nao karoti na njegere huja kuchungulia kwake.

Sasa sikilizeni.

Siku moja nikakutana na makala yenye kichwa hiki: "Wakulima wa milimani kuondolewa kulinda vyanzo vya maji?" Juu yake picha ya milima yenye ukungu, ungeapa ni Uluguru.

Nikaisoma yote. Ilikuwa habari ya nchi nyingine kabisa. Mwishoni mwandishi anauliza tu kama kuna cha kujifunza, halafu anasema wazi kwamba hapa kwetu hakuna mpango wa namna hiyo.

Nikaituma. Chini yake, kwa mbwembwe zangu, nikaandika: "Wa milimani mjiandae. Msije mkasema hamkuambiwa." Nikaweka na vikatuni vya kucheka, kisha nikarudi kwenye kioo cha simu niliyokuwa nabadilisha.

Siku nne baadaye mama mdogo akapiga.

"Mwanangu, Jumapili baada ya misa upande huku. Mjomba wako anawaita wapwa wote. Shamba la mtoni linauzwa."

Kwa msiojua, sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mjomba ni msimamizi tu, wenye nayo ni sisi watoto wa dada zake, kwa hiyo hawezi kuiuza bila kutuita. Na hilo shamba la mtoni si kipande cha hivi hivi. Bibi alilima pale mpaka mgongo ukapinda, na mama yangu amezikwa pembeni yake.

Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu taratibu, bila hata lawama.

"Si wewe uliyetuambia tujiandae? Mjomba wako anasema bora tuuze sasa hivi mnunuzi yupo, kuliko tuje kufukuzwa mikono mitupu."

Wakuu, niliweka bisibisi mezani. Nikakaa.

Nilijaribu kumweleza kwenye simu, akaniambia maneno ya ukoo hayasemwi kwa simu, nikayaseme mbele ya mjomba. Basi Jumapili nikachukua bodaboda mpaka pale njia inapoishia, nikamalizia kwa miguu. Njia nzima nilikuwa najiuliza: watu wenye akili zao, makala wanayo mkononi, wameisomaje?

Uwanjani kwa mjomba nikakuta wapwa wenzangu wamejaa. Nikampa mjomba shikamoo, akaitikia bila kunitazama sana. Mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake.

Nikamwomba mama mdogo simu yake. Nikabonyeza ile linki. Ukurasa mweupe. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakuna kinachokuja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bando lake ni la kuchati tu. Ujumbe unaingia, kichwa cha habari kinaonekana, picha inaonekana, lakini linki haifunguki. Muda wote huo ndugu zangu walikuwa wanasoma kichwa, wanatazama picha, halafu wanasoma maneno yangu. Na aliyemfundisha kununua lile bando kwa sababu ni rahisi ni mimi hapa, fundi simu mzima.

Nikatoa simu yangu. Ile makala nilikuwa nimeihifadhi tangu nyumbani, nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale mwandishi anaposema kwetu hakuna mpango huo. Mjomba alisikiliza amefumba macho.

Nilipomaliza akasema, "Nimesikia. Sasa hayo ya wa milimani mjiandae yameandikwa wapi?"

Nitasema ukweli wangu. Nilifikiria kumdanganya. Ningeweza kusema yalikuwemo yakafutwa, na pale uwanjani hakuna ambaye angejua. Wapwa wenzangu wote walikuwa wananitazama, mimi msomi wao wa mjini.

Nikasema, "Hayamo, mjomba. Ni maneno yangu. Nilikuwa natania."



"Kumbe serikali yenyewe ni wewe," akasema mjomba.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa: "Mpigie yule bwana. Mwambie asijisumbue kupanda, hatuuzi."

Kisha akanigeukia mimi. "Mama yako amelala pale. Utani wako ulikuwa unamuuza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Lakini wakati nashuka mlima nilijisikia mwanaume, wakuu, siwafichi. Nimejisifia mambo mengi ya kipuuzi maishani, ila lile jibu nililompa mjomba nitajisifia nalo mpaka uzeeni.

Tangu hapo nimebadilisha utaratibu. Kila linki naifuatishia voisi ya dakika mbili, maana voisi inafunguka hata kwenye bando la kuchati. Naeleza kilichomo mwanzo mpaka mwisho. Halafu nanyamaza kidogo, nasema, "Sasa haya ni yangu," ndipo namwaga pilipili.

Basi milimani kumechangamka. Wanawake wanasikiliza huku wanapalilia. Wananirudishia voisi kubishana na mimi kuhusu bunge, kuhusu simu mpya, kuhusu msanii gani video yake haina maadili. Bibi mmoja alinichambulia mambo ya akili bandia hadi nikaenda kusoma tena.

Juzi kati kulikuwa na mkutano wa kijiji. Jamaa mmoja kutoka mjini akasimama na simu yake, akatangaza kwamba mbegu zote za kienyeji zimepigwa marufuku, ameona kwa macho yake mtandaoni. Watu wakaanza kuguna.

Mama mdogo wangu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusimama kwenye mkutano, akasimama na kanga yake yenye udongo wa shamba.

"Baba, tusomee mpaka mwisho. Sisi tunasubiri."

Jamaa akaangalia simu. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akakaa chini, na mkutano ukaendelea na ajenda ya barabara.

Kaka yangu ndiye aliyenisimulia. Nilikuwa na simu ya mteja imefunguliwa vipande mezani, machozi yakanitoka, mteja akadhani nimeiua simu yake.

Nilichojifunza ni kwamba kusoma mpaka mwisho peke yako hakutoshi. Jua na unayemtumia anaona nini kwenye kioo chake, na maneno yako yatenge na ya mwandishi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu komenti yake ya utani iliwahi kuleta balaa nyumbani kwao, na je, alikiri kwamba ni yake?