Programu Iliyokatazwa Kupumzika

Istahil alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya tahadhari ya mafuriko mjini Garissa. Aliishi mtaa wa Waberi na watoto wake wawili. Programu aliyoitunza ilisoma kina cha Mto Tana, na maji yakizidi kiwango iliwatumia ujumbe wa simu wakazi wa kandokando ya mto hadi Masalani.

Programu hiyo ilikuwa na kasoro aliyoijua vizuri. Ilijaza kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo bila kuisafisha. Miezi ya kwanza hungegundua kitu. Ikikaribia mwaka, inakuwa nzito, kisha inaganda.

Dawa yake ilikuwa kuizima na kuiwasha upya kila Jumapili, dakika nne tu, na kuweka kompyuta ya pili ya kushika kazi endapo ya kwanza itaanguka. Akaandika barua. Mkuu wake, Bishar, aliisoma akiwa amesimama.

"Kitu kinafanya kazi, wewe unataka kukizima?"

"Nataka nikizime mimi, siku ninayoichagua, kabla hakijajizima chenyewe."

"Hapana. Nimewaahidi wakubwa mwaka mzima bila kuzimwa hata mara moja."

Akaandika ya pili, akaandika ya tatu. Zilipokelewa, zikaishia kwenye faili.

Mvua za Novemba zilimkuta Istahil ametumwa Wajir kikazi. Jumanne asubuhi programu iliganda. Skrini ikabaki inaonyesha kina kile kile siku mbili nzima, na kwa kuwa ilikuwa inawaka, hakuna aliyeshtuka.

Alhamisi alipigiwa simu na Fartun, mfugaji wa Kotile ambaye Istahil mwenyewe alikuwa amemwandikisha apokee ujumbe huo.

"Abaayo, dada yangu, uliniambia simu italia. Haikulia. Mbuzi thelathini na mmoja wamekwenda na maji. Mama mkwe tumembeba mgongoni, maji yakiwa kifuani."

Istahil aliporudi Garissa, kwenye kikao cha ofisi, Bishar alisoma ripoti ambayo wote walitakiwa kuitia sahihi: hitilafu ya kiufundi isiyotarajiwa.

"Isiyotarajiwa na nani?" Istahil alisimama. Akaweka nakala za barua mezani. "Machi. Juni. Septemba. Zote zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Wallahi, sitautia sahihi uongo huu."

"Keti, Istahil."

"Sikai."

Hakutia sahihi. Kompyuta ya pili ililetwa baada ya wiki mbili, na ruhusa ya Jumapili ikatolewa kwa mstari mmoja wa barua pepe usio na pole. Bishar alibaki na cheo chake. Jambo hilo lilimchoma Istahil kila alipompita kwenye korido.

Barabara ilipokauka alikwenda Kotile, akamkuta Fartun nje akikung'uta mikeka iliyojaa matope ya mafuriko, akamweleza kila kitu.

"Kwa hiyo mlijua," Fartun alisema.

"Tulijua, eeddo, shangazi yangu."

 Fartun hakumkaribisha ndani. Aliinama, akaendelea kukung'uta matope kwenye mikeka, kwa nguvu, mmoja baada ya mwingine, na Istahil akakunja mikono ya baibui lake akashika upande wa pili wa mkeka.