Mikono ya Ankol Wafula

Enzi zetu kule Saboti, ukitaka kusimulia jambo, kwanza uliweka chini ulichoshika. Nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, hakumsikiliza mtu aliyekunja mikono. Tukitoka kurushiana mpira wa kati na kuruka kamba ya bladda, magoti yamejaa vumbi, alitukalisha jikoni, akatupakulia mahindi na maharagwe, kisha akauliza tumekuwa wapi. Hakututazama usoni. Alitazama vidole. "Mdomo wako nimeusikia," alikuwa akisema. "Sasa nionyeshe."

Nilikuwa darasa la tano ng'ombe wetu wa maziwa alipopotea. Ankol Wafula, mdogo wake baba, ndiye aliyeleta habari: ati alikuwa mbali, kule kwenye mahindi, akamwona jirani yetu Kiprop akimtoa zizini asubuhi. Kiprop alikuwa mtu mpole aliyetuletea viazi kila msimu. Kufikia saa nne wanaume walikuwa wamekusanyika na fimbo, na mama yangu analia.

Kukhu hakulia. Alimwambia Wafula aketi, aeleze tena polepole. Wafula akaeleza, mikono iko kwapani. Kukhu akamwomba aitoe.

"Kiprop alifungua kamba namna gani?"

"Alifungua tu, mama."

"Namna gani?"

Nilikuwa mlangoni na sufuria, nikaona. Mkono wa kushoto ulishika hewa, wa kulia ukazunguka mara mbili kwa chini, halafu ukavuta, kidole gumba kikiwa ndani. Fundo lile lilikuwa la baba, na ni yeye peke yake aliyelifungua kila siku. Alilifunga kinyume kwa sababu alitumia mkono wa kushoto, na hakuna mtu angeliona kutoka kwenye mahindi. Wafula aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akaikalia.

Baba aliweka fimbo chini, akaenda kumwomba Kiprop msamaha kabla Kiprop hajajua ameshtakiwa nini. Ng'ombe alipatikana sokoni Chwele, tayari yuko kwa mchuuzi. Wafula alihamia Bungoma, na sikumwona tena akila kwetu.

Tangu siku hiyo simwamini mtu kirahisi. Nilipokuja kuposwa, wenzangu walisikiliza maneno ya bwana harusi. Mimi nilitazama anachofanya na vidole. Hata mwenyewe najishuku. Dada yangu anasema Wafula alijikuna tu, kwamba hayo mengine nimeyaongeza. Labda. Lakini kila nikisimulia, mikono yangu hulifungua fundo lile bila kuambiwa.

Siku hizi watoto wetu husimulia kwa vidole gumba viwili juu ya kioo cha simu, na kakichwa ka manjano kanakocheka mpaka machozi. Mwanangu anasoma Nairobi, mimi niko hapa Kitale. Jana alinipigia akasema yuko na vitabu tu, hajatoka wiki nzima. Nikamwambia awashe video.

"Si bundles zimeisha, mathe."

Nikasema sawa. Kisha nikakaa nikijaribu kukumbuka mikono yake hufanya nini anapoongea. Kukhu alikuwa na wajukuu kumi na wawili, na mikono ya kila mmoja aliijua. Mimi nina mtoto mmoja, nimeishi naye miaka kumi na tisa, na kila nikiitafuta mikono yake naona simu tu.